Jinsi ya kupanga safari ya Lamu kwa ajili ya Maulidi, Idi na Tamasha la Utamaduni

Msafiri anayetaka kwenda Lamu kwa ajili ya sherehe zake hana budi kuanza na kalenda mbili, si moja. Maulidi, Ramadhani na Idi zote mbili hufuata mwezi mwandamo, ilhali Tamasha la Utamaduni na mashindano ya mashua ya mwaka mpya hufuata kalenda ya kawaida ya ofisini. Anayechukua tarehe ya Maulidi ya mwaka uliopita na kukata tiketi kwa kuitegemea atafika akute wageni wameshaondoka, mikeka imeshakunjwa na mji umerudi kwenye shughuli zake za kila siku.

Mwaka wa Kiislamu hupungua kwa takriban siku 11 ukilinganishwa na mwaka wa kalenda ya kawaida, kwa hiyo sherehe hizi husogea nyuma kila mwaka. Tarehe 12 ya Mfungo Sita, ambao ndio Rabiul Awwal, siku inayokumbukwa kuzaliwa kwa Mtume, iliangukia katikati ya Septemba mwaka 2024 na mwanzoni mwa Septemba mwaka 2025, na kwa mwaka 2026 hesabu inaipeleka mwishoni mwa Agosti. Hali ni tofauti na Mwaka Kogwa wa Makunduchi kule Unguja, ambao hufuata mwaka wa jua na hivyo huangukia Julai kila mwaka. Kwa Lamu, njia salama ni kufanya hesabu yako mapema, kisha kuithibitisha na mwenyeji wako mwezi unapoandama, na kuacha nafasi ya siku moja au mbili kabla na baada.

Kama una uwezo wa kwenda mara moja tu, shauri langu ni kwamba uende wakati wa Maulidi. Sherehe nyingine zina uzuri wake, na zimeelezwa hapa chini, lakini Maulidi ndiyo yanayowarudisha nyumbani watu wa Lamu walio mbali, na ndiyo yanayoonyesha kwa pamoja dini, elimu, ngoma na mapishi ya kisiwa hiki bila kupangwa kwa ajili ya mtazamaji.

Maulidi ya Riyadha

Ili uelewe unachokiona, jua kwanza historia yake. Maulidi ya Lamu kwa sura yake ya leo yanahusishwa na Habib Swaleh bin Alwi Jamalulleil, sharifu aliyetoka Visiwa vya Ngazija akafika Lamu katika karne ya 19 na kuishi huko hadi alipofariki mwaka 1935. Alifundisha watu ambao wakati ule hawakupewa nafasi katika darasa za wenye mji, wakiwamo wana wa watumwa na wageni maskini, na msikiti wake wa Riyadha ulisimama Langoni, upande wa kusini wa mji, mbali kidogo na majumba ya mawe ya Mkomani yaliyokuwa ya watu wenye nasaba na mali. Katika Riyadha kulisomwa Maulidi yaliyotungwa na Habib Ali bin Muhammad al-Habshi wa Hadhramaut, na yalisomwa kwa kupigiwa matari. Jambo hilo lilizua mabishano makubwa katika zama zake, kwa kuwa wako walioona kwamba matari hayafai msikitini. Leo sauti ya matari hayo ndiyo inayowavuta watu kutoka Mombasa, Malindi, Tanzania, Komoro, Uganda na nchi za Ghuba.

Kilele cha Lamu hakiwi tarehe 12. Misikiti na nyumba mbalimbali husoma Maulidi kwa zamu katika mwezi mzima, na Riyadha hufunga mwezi kwa Maulidi makuu, ambayo kwa desturi husomwa Alhamisi ya mwisho ya Mfungo Sita, usiku wa kuamkia Ijumaa. Kwa sababu hiyo, msafiri asifike Alhamisi jioni na kuondoka Ijumaa asubuhi, kama wafanyavyo wengi wenye haraka. Fika Jumatatu au Jumanne ya juma hilo, maana siku za katikati ndizo zenye mashindano ya mashua, ya punda, ya kuogelea na ya bao, na ndizo ambazo goma huchezwa nje ya msikiti bila msongamano mkubwa, wanaume wakiwa wamesimama safu mbili, kanzu zao zimepigwa pasi, bakora mikononi, wakienda mbele na nyuma taratibu kwa utulivu unaohitaji jicho la subira kuuthamini.

Usiku wenyewe huanza baada ya sala ya Isha na huendelea kwa muda mrefu. Wanafunzi na masharifu huketi kwa safu, mmoja husoma kisa cha kuzaliwa kwa Mtume, na kati ya sura na sura huingia kasida ambazo umati wote huziitikia huku miili ikiyumba pamoja. Msomaji anapofika mahali panapotaja kuzaliwa, watu wote husimama. Hicho ni kisimamo, na hata ukiwa mgeni asiye Mwislamu uliyekaa uwanjani, simama nao kwa heshima. Udi hufukizwa, mawardi hunyunyizwa, na baadaye hupita sinia za halua na kahawa chungu. Pokea kwa mkono wa kulia, kunywa kikombe chako, kirudishe ili kimfikie mwingine. Siku inayofuata huwa na ziara kwenye kaburi la Habib Swaleh na zefe inayopita mjini kwa bendera na kasida. Zefe ndiyo sehemu inayofaa zaidi kwa mtu anayetaka kuangalia bila kuingia ndani ya ibada, kwa kuwa hupita njia ya wazi kando ya bahari ambapo kila mtu ana haki ya kusimama.

Hakuna tiketi, wala hakuna kiti cha mtalii. Wageni wa mbali hulishwa, na masufuria makubwa ya pilau hupikwa kwa michango ya watu. Ukitaka kushiriki katika jambo hilo, ulizia kwa mwenyeji wako namna ya kutoa mchango wako kwa wasimamizi wa msikiti, iwe fedha, mchele au sukari, na utoe kimya kimya. Wanawake wana sehemu zao. Mwanamke msafiri ataelekezwa huko na mara nyingi atapata ukarimu mwingi kuliko mumewe aliyebaki uwanjani, na mwanamume asijaribu kuchungulia wala kupiga picha upande huo. Asiye Mwislamu asiingie ndani ya msikiti mpaka akaribishwe, na akikaribishwa avue viatu na kukaa pale anapoonyeshwa.

Kuhusu mavazi, wanaume wavae suruali ndefu au kikoi na shati lenye mikono. Kanzu na kofia zinauzwa mjini na hakuna atakayekulaumu kwa kuzivaa ukizivaa kwa adabu. Wanawake wavae nguo pana inayofunika mikono na miguu, pamoja na mtandio wa kichwani. Nguo za kuogelea zibaki ufukweni Shela, na hata huko zisivaliwe kijijini. Picha za msomaji au za watu wakiwa katika dua ziombewe ruhusa kwanza, mwanga wa kamera uzimwe, na ndege ndogo zisizo na rubani zisirushwe kabisa juu ya mkusanyiko, kwani licha ya kuwa ni utovu wa adabu, sheria ya Kenya inataka kibali.

Utakutana pia na Waislamu, wengine wakiwa wenyeji wa Lamu, wasioafiki kusoma Maulidi. Hilo ni suala la elimu ya dini ambalo limezungumzwa kwa vizazi na wanavyuoni wenyewe, na mgeni hafaidiki chochote kwa kulichokoza barazani. Sikiliza ukielezwa, shukuru, na uendelee na safari yako.

Kufika na kulala

Ndege zote hutua Manda, kisiwa kinachotazamana na Lamu, na kutoka hapo unavuka mkondo kwa boti kwa dakika chache. Anayekuja kwa barabara kutoka Mombasa hupita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, safari ya muda wa saa 6 hadi 8, kisha huchukua boti hadi gati la Lamu. Sehemu ya bara ya Kaunti ya Lamu imewahi kukumbwa na mashambulizi, mabaya zaidi yakiwa yale ya Mpeketoni ya Juni 2014, na ingawa barabara imetengenezwa na ulinzi umeongezwa, chagua basi la mchana, beba kitambulisho au pasipoti mkononi kwa ajili ya vizuizi vya polisi, na sikiliza tahadhari za juma lile unalosafiri badala ya habari za miaka iliyopita.

Mjini hakuna nafasi ya magari. Mizigo hubebwa na punda, mikokoteni na vijana wa gati, kwa hiyo mfuko wa kubeba mgongoni unafaa kuliko sanduku la magurudumu, ambalo litakusumbua katika vichochoro. Pataneni bei ya mbebaji kabla mzigo haujanyanyuliwa.

Mahali pa kulala pachaguliwe kulingana na sherehe. Kwa Maulidi, Langoni ndiko kwenyewe, kwani unarudi chumbani kwa miguu baada ya usiku wa manane. Mkomani, karibu na ngome, kunafaa zaidi kwa Tamasha la Utamaduni. Shela iko takriban kilomita 3 kusini, mwendo wa muda wa dakika 40 kwa miguu kando ya bahari au safari fupi ya boti, na ni tulivu, ina ufukwe, lakini aliyelala huko wakati wa Maulidi hukosa mengi kwa sababu boti za usiku hupungua na bei yake hupanda. Katika juma la mwisho la Mfungo Sita vyumba hujaa hata vile visivyojulikana, na familia hulaza wageni sebuleni na darini. Weka nafasi miezi miwili au mitatu kabla, na ulipe sehemu ya fedha ili nafasi isitolewe kwa mwingine. Benki zipo, ila mashine za kutolea fedha si nyingi na siku za msongamano hufanya foleni. M-Pesa hutumika karibu kila mahali, na noti ndogo zinahitajika kwa kahawa, boti na vitafunio.

Tamasha la Utamaduni

Tamasha la Utamaduni la Lamu kwa kawaida hufanyika Novemba, na lilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika kipindi kile ambacho Mji wa Kale wa Lamu uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO, mwaka 2001. Hili, tofauti na Maulidi, limeandaliwa kwa ajili ya kutazamwa, na mgeni yuko huru zaidi kuzunguka, kuuliza na kupiga picha. Tarehe kamili hutangazwa na serikali ya kaunti, wakati mwingine zikiwa zimebaki wiki chache tu, na imewahi kutokea ratiba ikabadilika kwa sababu za usalama au za bajeti. Usilipe tiketi ya ndege isiyorudishwa kabla ya tangazo rasmi.

Shughuli nyingi hukusanyika Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome. Ngome hiyo ilijengwa katika miaka ya mwanzo ya karne ya 19 baada ya Vita vya Shela, na kwa miaka mingi ilitumika kama jela kabla ya kukabidhiwa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Hapo utaona kirumbizi, mchezo wa fimbo ambao wawili hupambana kwa kufuata mlio wa ngoma na zumari, utasikia washairi wakighani, utaona wanawake wakichora hina na kuonyesha namna bibi harusi anavyopambwa, na wazee wakicheza bao kwa kasi ambayo macho ya mgeni hayawezi kuifuata. Tenga asubuhi moja kwa ajili ya Makavazi ya Lamu yaliyo kando ya bahari. Humo mna siwa ya Pate iliyochongwa kwa pembe ya ndovu, baragumu lililopulizwa katika shughuli za wakubwa, na ukishaiona utafahamu kwamba sherehe kisiwani humu zilikuwa na itifaki yake karne nyingi kabla ya jukwaa na vipaza sauti.

Mashindano ya punda huvutia watu wengi kupita yote. Njia ya kando ya bahari ni nyembamba, wapanda punda ni vijana wasiotumia matandiko, na punda wenyewe hawana breki. Panda barazani au kwenye ngazi ya nyumba, mshike mtoto wako mkono, na usiruke njiani kutafuta picha. Kwa mashindano ya mashua, usibaki gatini. Tafuteni watu wanne au watano mkodi boti pamoja, mwambieni nahodha asogee mahali ambapo mashua hugeuza, kwa maana hapo ndipo ustadi unapoonekana: tanga linavushwa upande wa pili, mabaharia wanahamisha uzito wa miili yao kwa pamoja, na anayechelewa hata kidogo hupitwa. Vijiji vya kisiwa hushindana kwa ari kubwa, na Matondoni, kijiji cha mafundi wa kuunda vyombo, kinastahili ziara ya nusu siku hata kama huna hamu ya mashindano. Novemba pia ni mwezi ambao pepo za kusi zimeshalala na za kaskazi hazijashika, kwa hiyo bahari huwa tulivu zaidi kuliko Julai, ingawa mvua za vuli zinaweza kunyesha. Maembe huanza kuingia sokoni, na maembe ya Lamu yanajulikana pwani nzima.

Ramadhani na Idi

Kwenda Lamu katika Ramadhani ni uamuzi unaohitaji kufikiriwa vizuri. Mchana mikahawa mingi hufungwa, shughuli hupoa, na mgeni asiyefunga anapaswa kula na kunywa ndani ya chumba chake au katika hoteli iliyotenga mahali, wala si njiani. Mtu aliyekuja kwa ajili ya kuogelea na kuzunguka atachoka upesi. Lakini kwa mtu anayependa chakula, hakuna mwezi unaoupita huu. Kuanzia alasiri wanawake hukaanga na kuoka, meza ndogo hutokeza vichochoroni, na harufu hutoka kila mlango: kaimati zilizotiwa shira, vitumbua, sambusa, bajia, viazi vya karai, mkate wa sinia, mkate wa mofa uliotoka tanurini, muhogo wa nazi, tambi za sukari, uji wa pilipili manga. Nunua mapema, kati ya saa 10 na saa 11 jioni, kwa sababu vitu vizuri huisha, kisha subiri adhana. Katika dakika zile za magharibi njia huwa tupu kabisa, na ukikutwa umesimama peke yako ni rahisi ukaitwa ndani kufuturu. Ukiitwa, ingia. Anza kwa tende na maji kama wenyeji wako, usimalize kila kilichowekwa mbele yako kwa mara moja, kwa kuwa daku bado lipo, na kesho yake peleka kitu kidogo cha shukrani, matunda au sukari, kwa mama wa nyumba. Baada ya tarawehe mji huamka upya na kukaa macho hadi usiku mwingi.

Idi ya Fitri, inayofuata Ramadhani, hutegemea kuonekana kwa mwezi, na ndiyo maana siku yake hujulikana usiku wa kuamkia. Asubuhi ni ya sala na kutembelea jamaa. Watoto huvaa nguo mpya na kuzunguka kupewa fedha za Idi, kwa hiyo weka sarafu au noti ndogo mfukoni. Pilau na biriani hupikwa majumbani na mikahawa mingi hufungwa siku hiyo, jambo linalowakuta wasafiri wengi na njaa. Zungumza na mwenye nyumba unayolala siku mbili kabla kuhusu chakula cha mchana. Idi ya kuchinja, tarehe 10 ya Mfungo Tatu, huwa na nyama nyingi zaidi, na kama unalala katika nyumba ya familia utapelekewa sahani bila kuomba.

Nje ya siku hizi, chakula cha Lamu hakihitaji tamasha. Yamewahi kuandaliwa maonyesho maalumu ya vyakula mjini, na yakiangukia katika siku zako nenda, ila usisafiri kwa ajili yake peke yake. Samaki wa kupaka, wali wa nazi, kamba, kaa na mbaazi kwa mahamri utavipata mwaka mzima, na mpishi wa nyumbani aliyeombwa siku moja kabla atakupikia vizuri kuliko banda lolote la maonyesho. Pombe kwa kawaida haiuzwi katika mikahawa ya mji wa kale; usiitafute huko wakati wa sherehe za dini.

Jambo la mwisho la kupanga ni kuondoka. Baada ya zefe ya Maulidi maelfu ya watu huondoka kwa pamoja, boti za kwenda Mokowe hujaa kupita kiasi na mabasi huwa yameuzwa siku nyingi kabla. Kata tiketi ya kurudi siku ileile unayokata ya kuja, ichukue ya Jumapili badala ya Jumamosi, na usikubali kupanda boti iliyozidisha watu hata kama nahodha anasema ni mwendo mfupi. Dai jaketi la kuokolea, na likikosekana subiri boti inayofuata.